Gadi, stabilaiza, au betri katikati? Kulinda umeme wa gari la kulala Nyanda za Juu Kusini

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiofahamiana. Wa kwanza ni dereva mwenzangu wa hapa Iringa, anayepeleka wageni Ruaha kwa Land Cruiser yenye hema juu ya paa na friji nyuma. Wa pili ni mama mmoja wa Mbeya, mwalimu mstaafu. Yeye na mumewe wamegeuza Coaster kuukuu kuwa nyumba ya magurudumu, yenye kitanda, jiko la gesi, friji, televisheni na birika la umeme, na wanapenda kushuka nayo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakakaa wiki tatu wakiangalia ziwa. Wote wawili wanataka kujua wanunue kitu gani cha kulinda umeme wa gari wanapolichomeka kwenye soketi ya gesti au ya kambi. Nimewapa majibu tofauti. Nayaandika hapa kwa urefu kwa sababu dukani utapewa jibu moja tu, nalo ni kile kilichopo kwenye rafu siku hiyo.

Mimi nililijua jambo hili kwa hasara. Hiace yangu ya mwanzo ilikuwa na friji ndogo ya nyumbani, ya volti 230, niliyoifunga kwa mikanda nyuma ya kiti cha dereva. Usiku mmoja nililala Makambako, kwenye gesti ya kando ya barabara kuu, nikavuta eksitensheni kutoka dirishani hadi kwenye gari. Saa moja jioni friji ikaanza vituko: mngurumo mzito wa sekunde chache, kisha "tik", kimya. Dakika mbili baadaye mngurumo, tik, kimya. Balbu ya barazani, ya zile za zamani, ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Nikadhani friji imechoka na safari, nikaenda kulala. Asubuhi ilikuwa kimya kabisa, na ubavu wake karibu na kompresa ulikuwa bado na joto. Nyama ya wageni niliigawa pale pale kabla haijaharibika. Fundi alipoipima kule Iringa alisema koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota yake, imeungua, hakuna cha kutengeneza.

Kompresa ya friji ni mota. Mota isipopata volti za kutosha hushindwa kuanza kuzunguka, na mota iliyokwama hula umeme mwingi kuliko inayozunguka. Umeme wote huo hugeuka joto ndani ya koili. Ule mlio wa tik ni kikinga joto kikikata ili kuiokoa. Kikishapoa kinairudisha kwenye mateso yale yale, na hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku kucha wakati mimi nimelala. Haikuwa shoti wala radi. Ulikuwa umeme mdogo tu, ambao wengi wetu tunauona hauna madhara kwa kuwa taa bado zinawaka.

Pima kabla ya kununua

Umeme wetu umepangwa uwe volti 230 na hezi 50. Huku kwetu sababu za kuupata pungufu ni nyingi na nyingine unaziona kwa macho. Ukipita Mafinga na Makambako mchana utasikia mashine za kupasua mbao kila upande, na mashine za kukoboa mahindi, na wachomeleaji. Kila mota kubwa inapoanza, majirani waliopo kwenye transfoma ile ile wanashuka kidogo. Jioni watu wanarudi nyumbani, wanapika, wanapasha maji ya kuoga kwa sababu ya baridi, na laini ndefu ya kijijini inazidi kuchoka.

Lakini kwa vipimo vyangu, mara nyingi mkosaji yuko karibu zaidi. Ni zile mita thelathini za mwisho: waya mwembamba uliovutwa hadi banda la nyuma, kiungo kilichosokotwa kwa mkono kikazungushiwa selotepu, soketi iliyolegea. Huwezi kuyajua haya kwa kuangalia, na huwezi kuyajua kwa kupima soketi ikiwa haina mzigo.

Ninavyofanya ni hivi. Nina kipimo cha kuchomeka, chenye kioo kinachoonyesha volti. Sipendi kuchokonoa soketi kwa ncha za maltimita, kwa kuwa soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko ndani na kulazimisha ncha ni kutafuta shoti. Nachomeka eksitensheni fupi yenye nafasi mbili: upande mmoja kipimo, upande wa pili birika la wati 2,000. Nasoma namba kabla ya kuwasha birika, kisha naliwasha na kusoma tena. Safari moja, gesti fulani huko Mafinga, kipimo kilisoma 224. Nilipowasha birika kikaporomoka hadi 201. Tofauti ya volti 23! Kwa mzigo wa birika lile, wati zaidi ya 170 zilikuwa zinapotelea kwenye waya na viungo vya jengo, na joto lake lilikuwa mahali fulani ndani ya ukuta. Sikuchomeka gari pale. Nilimwomba mwenyeji soketi ya jikoni, ambako birika lile lile lilishusha volti 6 tu. Hakuna kifaa cha dukani ambacho kingenifanyia kazi hiyo vizuri kuliko zile dakika tano.

Ukipima, pima tena saa moja jioni. Namba ya saa nane mchana haikuambii usiku utakuwaje.

Kuna na kile kipima soketi chenye taa tatu ndogo, cha bei ya chini kuliko vyote ninavyovitaja hapa. Kinakuonyesha kama fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimegeuzwa, na kama waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, upo. Vimegeuzwa mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwenye soketi zilizoongezwa nje kwa ajili ya wageni. Vikigeuzwa, swichi ya kifaa inakata nyutro na kuacha fezi ndani, kwa hiyo unachodhani umekizima bado kina umeme. Kipima hiki hakiwezi kugundua kila kosa. Kwa mfano nyutro na ethi zikibadilishana, kitakuonyesha kila kitu ni sawa. Hata hivyo sisafiri bila hicho.

Waya wa kwenda kwenye gari nao una hesabu yake. Kwa mita 50 na mzigo wa ampia 10, waya wa milimita 1.5 za mraba unakula takriban volti 12. Ule wa milimita 2.5 unakula 7 na kidogo. Kama soketi inakupa 205, hizo volti tano za tofauti ndizo zinazoamua kama friji itaanza. Na ule waya uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjue wote hata kama gari liko mita nne tu kutoka ukutani, maana ukiwa umejizungusha hauna pa kutolea joto.

Washindani wenyewe

Ninaolinganisha ni wanne. Gadi, ile boksi ndogo ambayo wengi tunaiita frijigadi na nyingine zimeandikwa AVS: kazi yake ni kukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, kusubiri, kisha kurudisha. Stabilaiza, ambayo haikati bali inapandisha au kushusha volti zikaribie 230. Eksitensheni yenye kinga ya mpigo, yaani ya volti zinazoruka juu ghafla, ile yenye taa ndogo ya kijani. Na njia ya nne si kifaa kimoja, ni mpangilio: umeme wa ukutani unaishia kwenye chaja ya betri peke yake, na kila kitu ndani ya gari kinakula kutoka kwenye betri. Hii ya nne ndiyo ninayoiita betri katikati, na nasema mapema kwamba ndiyo ninayoipenda.

Zirudishe zote Makambako, jioni ile, na tuseme umeme ulikuwa volti 172.

Eksitensheni ya kinga haifanyi chochote. Ndani yake kuna kidude kinachomeza mipigo ya juu. Umeme mdogo unapita kama mgeni aliyealikwa, na taa ya kijani inaendelea kuwaka. Naomba hili lieleweke, kwa sababu nimeona magari ya gharama kubwa yakiwa na kinga hii peke yake na mwenye gari akilala usingizi.

Gadi inakata. Unabaki gizani, friji inabaki hai. Umeme ukipanda tena juu ya kiwango chake, inahesabu muda wake kisha inafungua. Udhaifu wake ni kwamba kama volti zitabaki 172 hadi saa nne usiku, hutapata kitu hadi saa nne usiku.

Stabilaiza inapandisha hadi karibu na 230, na friji inaanza. Hapo ndipo wengi wanaponunua bila kuuliza swali la pili: hizo volti za ziada zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ampia. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 230 unavuta ampia 4 na kitu. Ili stabilaiza itoe wati hizo hizo ikiwa inapokea 172, lazima ivute karibu ampia 6 kutoka ukutani. Kama umeme umeshuka kwa sababu ya transfoma kuzidiwa lakini waya wa jengo ni mzima, sawa, itafanya kazi. Kama umeshuka kwa sababu ya kile kiungo cha selotepu, ampia zaidi zinakishusha zaidi, stabilaiza inapandisha zaidi, inavuta zaidi, na kiungo kinaungua. Ndiyo maana nilianza na birika. Stabilaiza ni dawa ya laini dhaifu, si dawa ya soketi mbovu.

Betri katikati haijali. Chaja nyingi za kisasa zimeandikwa 100–240V. 172 kwake ni chakula cha kawaida. Friji ya volti 12 haijui kama Makambako kuna umeme mdogo, inaona betri tu. Tahadhari moja: chaja zile za zamani, nzito kama tofali, zenye transfoma ya chuma ndani, hazina uwezo huo. Umeme ukishuka nazo zinachaji kwa unyonge, na ukipanda zinaweza kuchemsha betri. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Sasa umeme umekatika, dakika kumi, kisha umerudi. Sekunde za mwanzo za kurudi ndizo mbaya. Kila friji, kila pampu na kila mota ya mtaa inaanza kwa pamoja; volti zinaruka juu, zinaporomoka, zinaruka tena. Gadi imetengenezwa kwa ajili ya sekunde hizi. Inasubiri, na ile ya friji inasubiri dakika kadhaa, kwa sababu kompresa iliyozimwa ghafla ina shinikizo la gesi ndani na inahitaji muda litulie ndipo iweze kuanza bila kukwama. Usinunue gadi ya televisheni ukaitumia kwa friji. Ya televisheni inasubiri muda mfupi mno. Stabilaiza nyingi zina kitufe kidogo cha kuchagua sekunde 6 au 180. Zikitoka kiwandani huwa kwenye 6. Kibonyeze. Ni kitufe kinachookoa friji, na watu wengi niliowatembelea hawakuwa wamewahi kukigusa.

Kisha kuna tukio ambalo halitokei mara nyingi lakini likitokea linafagia nyumba nzima: nyutro kukatika kwenye laini ya fezi tatu. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikiachia, vyumba viwili vilivyo kwenye fezi tofauti vinajikuta vimefungwa mfululizo, na mwenye mzigo mdogo anapokea volti kuelekea hizo 400. Gari lenye chaja ya simu na taa mbili ndilo lenye mzigo mdogo. Eksitensheni ya kinga hapa inaungua, wakati mwingine kwa moshi, kwani kidude chake kimetengenezwa kumeza mpigo wa kufumba na kufumbua, si wa dakika nzima. Stabilaiza nzuri inakata. Ya bei ya chini inakufa yenyewe, na kama una bahati inakufa peke yake. Gadi inakata, mradi iwe imeandikwa kwamba inavumilia volti hizo. Kuna zinazovumilia na zisizovumilia. Kwenye betri katikati anayekufa ni chaja, kifaa kimoja, na friji inaendelea kugandisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiweka gadi mbele ya chaja, hata chaja inapona.

Radi ina jibu fupi. Mvua zetu zinaanza karibu Novemba na kuishia Aprili au Mei, na hicho ndicho kipindi cha maua ya Kitulo, kwa hiyo anayepanda kuangalia Bustani ya Mungu, kama hifadhi hiyo inavyoitwa, anapanda msimu wa radi. Hakuna kifaa kati ya hivi kinachozuia radi iliyopiga nguzo ya jirani. Chomoa plagi. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Chomoa wakati huo, usisubiri ifike juu ya paa.

Kitu ambacho hakimo kwenye mashindano

Vyote nilivyotaja vinalinda vifaa. Hakuna hata kimoja kinachomlinda mtu, na kwenye gari hatari hiyo ni kubwa kuliko nyumbani.

Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Waya ukichubuka ndani ukagusa bodi, na ethi ya soketi ikawa haipo, bodi nzima inakuwa na umeme na inakaa hivyo kimya kimya, kwa sababu matairi hayaupi njia ya kwenda ardhini. Aliye ndani haoni kitu. Anayeshuka ndiye anayeunganisha: mguu mmoja kwenye nyasi zenye umande, mkono kwenye mlango. Asubuhi za Iringa umande ni mwingi. Mara moja nilishika mlango wa gari la mwenzangu nikahisi mtekenyo kwenye vidole, kama mchwa wanaotembea. Yeye alikuwa ameuzoea! Tulichomoa, tukakuta waya wa friji umebanwa na reli ya kiti hadi shaba inaonekana.

Weka breka iliyoandikwa RCD, ya miliampia 30, mahali umeme unapoingilia kwenye gari. Inalinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Tofauti ikifika hapo inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila safari. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na hiki, gadi itafuata.

Gharama, uzito na barabara

Kwa bei, gadi na RCD ziko karibu na ardhi, stabilaiza ya maana iko juu yake kwa mbali, na betri katikati ndiyo ghali: betri, chaja, friji ya volti 12, nyaya nene, fyuzi. Siwezi kukuficha hilo. Friji ya volti 12 peke yake inaweza kukuzidi friji mbili za nyumbani kwa bei.

Lakini hesabu isiishie dukani. Stabilaiza ina kipande kikubwa cha chuma na shaba, ni mzigo unaokaa na wewe kila kilomita. Zile zenye mota ndogo inayosukuma brashi juu ya koili ni laini sana katika kazi yao, na nyumbani ningeichagua hiyo. Kwenye njia za Matamba na Kitulo, ambako gari linatetemeka saa nzima, brashi inachakaa na kuruka. Zile za rilei, yaani swichi ndogo za umeme zinazolia "tak tak" zikibadilisha ngazi, zinavumilia zaidi. Kadhalika, stabilaiza ya VA 1,000 (VA ni kipimo cha uwezo, kinachokaribiana na wati) haikupi VA 1,000 umeme ukiwa chini kabisa. Kadiri inavyopandisha sana ndivyo uwezo wake unavyopungua. Chukua mara mbili ya unachohitaji.

Betri katikati nayo inalipa mahali ambapo umeme wa ukutani haupo kabisa. Kambi za ndani ya Ruaha hazina soketi ya kukusubiri. Friji ya volti 12 ya ukubwa wa kati inavuta wati 45 hadi 50 ikiwa inazunguka, na kwenye baridi ya Iringa au Njombe inapumzika muda mrefu. Ukiwa na betri ya 100Ah (ampia-saa 100) ya asidi, ile ya sola si ile ya kuwashia gari, tumia nusu tu, yaani 50. Mimi usiku mmoja na mchana wake huku juu napita na takriban 30. Matema ni habari nyingine. Kutoka uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,600 hadi ufukweni, chini ya mita 500, friji ile ile inafanya kazi karibu bila kupumzika, na hapo paneli ya sola ya wati 150 au 200 juu ya paa inakuwa ya lazima.

Betri za lithiamu ni nyepesi na unaweza kuzitumia karibu zote, ila zina mwiko mmoja unaotuhusu sisi wa baridi: hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Juni na Julai Kitulo inalala na sakitu. Nunua yenye kinga inayozuia kuchaji kwenye baridi, na uiweke ndani ya gari, si kwenye boksi la nje.

Jenereta nimeiacha nje ya mashindano, ila niseme neno moja kwa wanaoitegemea. Injini ya petroli inapoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Jijini Mbeya, karibu mita 1,700, umeshapoteza kama moja ya tano ya kilichoandikwa kwenye boksi. Kitulo ni karibu theluthi. Jenereta iliyozidiwa inatoa volti na hezi zinazoyumba, na gadi itakata kila mara. Watu wanalaumu gadi wakati inafanya kazi yake.

Jihadhari na kuagiza mtandaoni kinga za magari ya kambi ya Marekani. Zinasifiwa sana na kwao zinastahili, lakini kule kambi zina soketi za ampia 30 za volti 120, na za ampia 50 zenye laini mbili za 120. Kifaa hicho kikiiona 230 yetu kitakataa kuwaka au kitaungua. Wasafiri wanaopanda kutoka Afrika Kusini kupitia Tunduma wako salama zaidi, kwa kuwa umeme wao ni 230 na hezi 50 kama wetu. Wana plagi ya buluu ya mviringo yenye pini tatu, nao wanahitaji waya wa kuigeuza tu. Plagi ile naipenda kwa gari. Ina mfuniko, haipitishi mvua kirahisi, na inashika. Ndiyo niliyoifunga kwenye Hiace.

Upande wa volti 12 una maadui wake pia. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri, si karibu na kifaa, kwa sababu waya ukichubuka katikati hakuna kingine kitakachozuia moto. Usichomoe betri injini ikiwa inanguruma; alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ikipoteza betri ghafla inatupa mpigo wa volti nyingi mara kadhaa ya 12, na kompyuta ya gari au kidhibiti cha sola kinakwenda nao. Na ukipeleka gari kuchomelewa, hata kama ni kijisahani cha kubebea dumu, tenganisha betri zote, chomoa chaja na sola, na mwombe fundi abane ethi ya mashine yake karibu kabisa na pale anapochomelea. Mafundi wazuri watakuuliza wenyewe. Wengine wana haraka, kwa hiyo simama hapo hapo.

Nilichowajibu

Dereva mwenzangu wa Land Cruiser tayari ana friji ya volti 12. Nilimwambia asinunue stabilaiza hata akipewa kwa nusu bei. Haina cha kupandisha kwenye gari lake. Achukue RCD, gadi yenye kuvumilia volti 400, na chaja ya ampia 20 iliyoandikwa 100–240V, kwa mpangilio huo kutoka ukutani kwenda kwenye betri. Akilala Tungamalenga, kijiji cha karibu na Ruaha, na umeme ukawa mdogo, betri inajaa tu. Gadi ikikata, anazo saa nyingi za betri bila kushtuka.

Mama wa Coaster hali yake ni tofauti, na hapa nilibadilisha msimamo wangu baada ya kumsikiliza. Friji yake ni ya nyumbani, nzima na mpya, na hela ya friji nyingine hakuna. Anakaa sehemu moja wiki tatu, kwa mwenyeji yule yule, soketi ile ile. Kwake stabilaiza ya rilei ya VA 2,000 ina maana, mradi ifungwe ukutani kwa mwenyeji, kwenye kivuli, isipande ndani ya gari. Kwanza apime na birika. Tofauti ikizidi volti 10, fundi akaze soketi na kubadilisha waya kabla ya kitu kingine chochote. Mwenyeji wake amekubali, kwa kuwa faida inabaki kwake pia. Kitufe cha kusubiri kiwe 180. RCD kwenye mlango wa umeme wa gari. Na birika asiliwashe kupitia stabilaiza. Jiko la gesi analo.

Aliniuliza kama aweke na eksitensheni ya kinga. Nilimwambia aweke kwa ajili ya televisheni, nyuma ya stabilaiza, ila kwanza ahakikishe ethi ya mwenyeji ipo kweli, kwa sababu bila ethi sehemu kubwa ya mpigo haina pa kwenda. Jana kanipigia. Kipima chake cha taa tatu kimeonyesha ethi haipo. Fundi wa kijijini anachimba shimo la ethi kesho, upande wa jikoni ambako maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa na udongo hauishi unyevu.